Gogo la Mtu Aliye Chini

Gereji ya Mzee Kang'ethe,
Karibu na stesheni ya reli,
Kitale.
Jumapili, 22 Oktoba 1989

Kwa kaka yangu mpendwa Mukhisa, Bokoli,

Mulembe kaka. Pokea salamu nyingi kutoka huku Kitale kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na shemeji Jentrix, watoto wote, na mama yetu. Je, kifua cha mama kimepata nafuu tangu mvua ipungue? Na mguu wako, bado unauma asubuhi pale ulipokatiwa, au ile dawa ya kupaka imesaidia? Mimi ni mzima wa mwili. Huku watu wanavuna, mji umejaa magunia na matrekta, na kila trekta linalokufa njiani linavutwa mpaka kwetu kana kwamba Kitale nzima haina fundi mwingine.

Nasema mzima wa mwili kwa sababu moyo hautulii hata kidogo. Hii ni karatasi ya nne, zile tatu nimezichana. Nilikaa kuandika mara tu nilipotoka kanisani, nikaandika tarehe, nikainuka kwenda kuangalia kama bomba limefungwa. Nikarudi, nikaandika jina lako, nikainuka tena kwenda kuangalia kama mkokoteni wa jirani umewekewa jiwe, maana umeegeshwa kwenye mteremko. Umewekewa. Nilijua umewekewa, kwa sababu jiwe lenyewe nililiweka mimi jana. Sasa jirani ananichungulia dirishani, sijui anadhani nina wazimu au nataka kumwibia mkokoteni.

Barua yako niliipata Alhamisi, siku moja kabla ya sikukuu ya Kenyatta. Umenikatalia kwa mistari minne, na mmoja wa hiyo minne ni salamu. Umeandika: "Fundi aliyesahau gogo lake mwenyewe atakumbukaje la mwenzake? Mwambie mzee wako atafute mtu mwingine." Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mzee Kang'ethe ameahidi kukuwekea nafasi hiyo ya kazi hapa gereji mpaka Jumatatu ya tarehe thelathini, na baada ya hapo atamchukua mtu mmoja kutoka Kiminini ambaye hata mimi simwamini kushika taa. Kwa hivyo sikuandikii kukubembeleza. Barua ya kwanza niliiandika ovyo, nikakueleza kazi kama mtu anayetangaza mnada. Sasa nataka nikwambie jinsi kazi hii ilivyotokea, kisha nikwambie jambo moja, halafu uamue mwenyewe.

Mwezi uliopita walikuja Wajerumani wawili wazee, mume na mke. Mume anaitwa Dieter na mke Ilse. Walikuwa wametoka Turkana wakapitia barabara ya Lodwar, na wewe hiyo barabara unaijua ilivyo. Gari lao si gari, kaka, ni nyumba iliyowekewa magurudumu. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, friji, choo, meza ya kulia chakula na mapazia ya maua. Siku walipoingia mjini, watu waliacha kupima mahindi wakaja kuchungulia. Kina mama walitaka kuona choo. Mimi nilitaka kuona chini.

Springi la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limekatika kabisa, na hata la kulia lilikuwa limeanza ufa. Nyumba ilikuwa imeinama upande mmoja. Mzee Kang'ethe aliizunguka mara mbili akiwa ameshika kofia mkononi, kisha akasema tutaitengeneza, kwa sababu Mzee Kang'ethe hajawahi kusema hapana kwa kitu chenye magurudumu. Kazi alinipa mimi na Kiplimo, yule kijana wa Saboti niliyewahi kukusimulia, mwenye mikono mizuri na mdomo usiochoka.

Sasa sikiliza. Hiyo nyumba ina miguu yake. Ni miguu minne ya chuma iliyojificha chini, na inashushwa kwa swichi iliyo karibu na usukani. Inasukumwa na mafuta kama jeki zetu za chupa. Wenyewe wanaitumia wakiegesha mahali pa mabonde, ili nyumba ikae sawa na mtu asibingirike kitandani. Mzee Dieter alibonyeza swichi, nyumba ikainuka yenyewe taratibu mpaka magurudumu ya nyuma yakaacha ardhi. Watu walipiga makofi. Kiplimo akavua shati, akavaa ovaroli, akasema kumbe leo hatuna haja ya jeki wala magogo ya kukinga gari lisishuke, gari limekuja na mafundi wake. Akawa tayari amelala chali.

Nilimshika mguu nikamvuta nje. Alikasirika, lakini nilimvuta. Nikamwambia Mzee Kang'ethe kwamba miguu ile imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayelala juu, si kwa ajili ya mtu aliye chini. Kinachoishikilia ni mafuta, na mafuta hayana urafiki na mtu. Halafu mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na udongo wetu mwekundu ukishalowa unajua ulivyo, unakanyaga leo unatoa kiatu kesho. Mzee Kang'ethe akaniuliza kama naogopa. Nikasema ndiyo, naogopa. Gereji nzima ilicheka, hata mama wa chai alicheka. Tangu siku hiyo Kiplimo akanibandika jina la Bwana Gogo.

Nilikwenda stesheni nikaongea na wale wanaume wa kutengeneza njia ya reli, wakanipa mataruma sita ya mbao yaliyokwisha kung'olewa. Ni mbao nzito, kaka, imeshiba mafuta, hata msumari unakataa. Nilileta kwa mkokoteni huuhuu wa jirani, safari mbili. Nikayapanga mawili chini, mawili juu yake kwa kukingamana, na mawili tena juu, mpaka yakabaki na nafasi ya vidole viwili kufikia chesisi. Nasema chesisi, si sakafu. Kiplimo alitaka kuyasukuma chini ya sakafu kwa sababu ni karibu. Nikamgongea sakafu hiyo kwa kidole asikie. Ni mbao nyembamba na plastiki, ingepasuka kama kreti ya nyanya.

Magurudumu ya mbele niliyawekea mawe, mbele na nyuma. Nikamwomba mzungu amwage maji yote ya matangi, maana maji yale ni uzito wa wanaume watano na yanacheza ndani. Nikamwambia afunge gesi na achomoe waya wa betri. Mwisho nikamwomba ufunguo, nikautia mfukoni mwangu. Hapo alinitazama kama ninayemwibia nyumba, na kweli nilikuwa nimebeba nyumba ya mtu mfukoni. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha Bungoma kwamba kwetu ufunguo hukaa kwa fundi mpaka aliye chini atoke. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia kwamba kwao wanafundishwa hivyohivyo ila hawafanyi.

Kilichobaki kilikuwa mama Ilse. Nilimwambia asiingie ndani mpaka nimruhusu. Gari la kawaida likiwa juu hakuna mtu anayepanda, lakini hii ni nyumba, na mtu anaingia nyumbani kwake bila kufikiri. Anakumbuka miwani, anakumbuka dawa, anakumbuka sufuria. Kila hatua yake ndani, huku chini unaisikia kwenye chuma. Alikubali, akaketi kwenye kiti cha kukunja chini ya mti, akawa anashona.

Hayo yote mimi sikuyatunga, Mukhisa. Ni wewe. Ufunguo mfukoni ni wako, mawe mbele na nyuma ni yako, "iamini jeki kama unavyomwamini mgeni" ni maneno yako. Ulinifundisha pale gereji ya Bungoma nikiwa na miaka kumi na tisa na ulimi mrefu, na kubwa kuliko yote ulinifundisha kwamba gogo ni la mtu aliye chini. Likishawekwa, haliguswi na mtu mwingine, hata bosi, hata kama aliye chini ametoka kwenda kujisaidia, mpaka mwenyewe alitoe kwa mkono wake.

Siku ya pili, kama saa nne asubuhi, Kiplimo alikuwa chini akifungua bolti za springi. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye tairi la mbele nikimlinda. Mzee Kang'ethe akaniita ofisini nikaongee na mteja mmoja wa trekta. Nikamwambia mama Ilse kwa ishara akae palepale, nikaenda. Sikukaa hata dakika tano. Nilipotoka, kiti cha kukunja kilikuwa kitupu na mlango wa nyumba uko wazi, na mama wa watu ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi na mwingine ndani. Alikuwa amekumbuka dawa zake za presha.

Nilipiga kelele. Alishtuka, akageuka kwa haraka, nyumba ikayumba. Mguu wa chuma wa upande wa kushoto ukaingia kwenye udongo polepole, kama kijiko kinavyoingia kwenye ugali. Chesisi ikashuka ile nafasi ya vidole viwili, ikakaa juu ya mataruma kwa kishindo, ikatulia. Mataruma hayakusogea. Kichwa cha Kiplimo kilikuwa katikati ya ekseli na chesisi.

Alitoka mwenyewe akitambaa. Akasimama, akacheka, akasema ati nyumba imepiga chafya. Kisha akaenda nyuma ya stoo akatapika, na nikamsikia akiomba kwa Kisabaot kwa muda mrefu. Mama Ilse alilia. Mimi niliketi chini kwenye matope, na mama wa chai aliponiletea kikombe nilimwambia akampe Kiplimo. Wote walidhani nimeketi pale kwa sababu ya Kiplimo. Nilikuwa nimeketi kwa sababu yako.

Jioni hiyo Mzee Kang'ethe alituita wote. Unamjua ni mtu wa kelele, lakini siku hiyo aliongea polepole. Alisema yeye ndiye aliyeniita nikaacha tairi, na kwamba kuanzia siku hiyo gereji yake itakuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Ataketi kwenye tairi. Ataangalia mawe, magogo, jeki na udongo. Atashika ufunguo wa kila gari lenye mtu chini, na hataitwa popote na mtu yeyote, hata yeye Mzee mwenyewe. Akataka iwe mimi. Nikamwambia namjua aliye bora kuliko mimi, mtu ambaye sheria hizi zote nilizitoa kwake, ana mguu mmoja na kazi yenyewe ni ya kukaa, yuko Bokoli anaziba pancha za baiskeli. Mzee akasema aje. Ndipo nikakuandikia ile barua ya kwanza, nawe ukajibu mistari minne.

Nyumba ile ilitengenezwa upande wa kushoto, ikaondoka. Wajerumani wamepanda Mlima Elgon kutazama ndege na mapango, na springi la kulia linaletwa kutoka Nairobi. Kabla hawajaondoka, Mzee Dieter alinisimamisha kando ya mataruma akanipiga picha. Alimwambia Mzee Kang'ethe kwamba amezunguka nchi kumi na moja na hajaona fundi mwangalifu kama mimi. Kiplimo naye siku hizi ananiita Bwana Gogo bila kucheka, anasema kwa heshima kabisa. Kila wakisema hivyo, naondoka kwenda kukagua mawe upya. Sili vizuri. Watu wananisifu kwa kitu ambacho nilikinunua kwa mguu wako.

Kaka, sasa nifike pale ninapopakimbia tangu asubuhi. Nimeinuka tena, nimekwenda mpaka mlangoni, nimerudi. Wacha niandike haraka kabla sijaichana na hii.

Hukusahau gogo. Uliliweka. Nililiondoa mimi.

Unakumbuka pale Bungoma tulikuwa na magogo mawili tu, na moja lilikuwa limeoza. Asubuhi ile ya Machi 1983 uliinua lori la miwa, ukaweka gogo zima, nilikuona kwa macho yangu ukilipigapiga kwa kiganja kama kawaida yako. Ukafanya kazi mpaka saa nne, ukatoka kwenda kunywa chai. Mimi nilikuwa na gari la yule mwalimu mkuu. Lilikuwa gari langu la kwanza kupewa peke yangu, bila wewe kunisimamia, na nilitaka ukirudi kutoka kwa chai ulikute limekwisha. Nikahitaji gogo. Lile bovu lilikuwa linapasuka. Nikatazama lako, nikajiambia hakuna mtu chini, lori liko kwenye jeki, nitalirudisha kabla hujamaliza mkate. Nikalivuta.

Hata hapo ungeweza kuniita mjinga tu, kijana mwenye haraka. Lakini kuna zaidi, na hili sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio.

Nilikuona ukirudi. Nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili wa lori, kando ya gari la mwalimu, na niliona viatu vyako vikipita nyuma ya lori, kisha nikaviona vikilala, visigino chini, na vikiingia. Uliingia kwa upande wa kwangu, ambako gogo halionekani kwa sababu ya tangi la dizeli. Wewe hukuangalia kwa sababu hukuwa na haja ya kuangalia, gogo ni la mtu aliye chini, nani angeligusa? Mimi nilikuwa nimebakiza nati mbili. Nikajiambia, nati mbili tu. Ningeita jina lako ungetoka. Sauti nilikuwa nayo. Lakini ningeita ungejua nimelichukua, ungenigombeza mbele ya watu wote siku ya gari langu la kwanza, na nikaona aibu. Nikakaza nati ya kwanza. Nikashika ya pili. Jeki ya lori ikalegea.

Walipokuja wote mbio kuinua lori kwa mabega, mimi sikuja mara moja. Hilo ndilo linaloniamsha. Nilishusha kwanza lile gari la mwalimu, nikalivuta gogo, nikalibingirisha mpaka kwenye majani ya ng'ombe nyuma ya choo. Mikono yangu ilikuwa inafanya hivyo huku masikio yangu yanakusikia unalia. Kisha ndipo nikaja kushika lori pamoja na wengine. Bosi alipouliza gogo liko wapi, nilisema sikuliona. Alipomwambia baba kwamba mwanawe mkubwa aliingia chini ya lori bila gogo, nilikuwa nimesimama palepale kando ya baba, nikatazama chini.

Siku ya tatu hospitalini uliamka, homa ikiwa imepungua. Nilikuwa peke yangu na wewe. Ukaniuliza, "Wabwile, nilisahau gogo?"

Nikakujibu, "Ndiyo, kaka. Ulisahau."

Ukafumba macho. Kisha ukaniomba nikusamehe kwa kunitisha. Kaka Mukhisa, wewe uliyekatwa mguu ndiye uliyeniomba msamaha mimi, na mimi nikakusamehe.

Nimejaribu kukwambia. Nilijaribu ulipooa, nikaona nisiharibu harusi. Nilijaribu baba alipougua, nikasema akipona nitawakalisha pamoja. Hakupona. Alikufa akiwaambia watu kwamba mtoto wake mkubwa alilala kazini, na mimi nikabeba jeneza lake mbele kulia. Kila mwaka ulivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi, na kila mwaka niliongeza jiwe lingine kwenye magurudumu ya watu, nikidhani labda yakitosha nitapumzika. Hayatoshi.

Kilichonivunja zaidi ni alichoniambia shemeji Jentrix nilipokuja Agosti. Aliniambia unatoka kitandani mara tatu kuhakikisha mlango umefungwa. Aliniambia humbebi mtoto wako mdogo ukiwa jikoni, unasema mtu kama wewe hawezi kuaminiwa na mtoto karibu na moto. Nilikunywa chai yake nikamwambia utazoea. Nilisema hivyo, nikapanda gari nikarudi Kitale. Mbebe mtoto wako, kaka. Hujawahi kusahau kitu chochote. Miaka sita umekuwa ukijilinda dhidi ya mtu ambaye hayupo, na aliyekuwepo ni mimi.

Siombi unisamehe. Sijui hata ningeomba kwa maneno gani. Nakwambia nitakalofanya. Kesho asubuhi, nikishampa dereva wa lori la mahindi barua hii aipitishe Webuye mpaka kwako, nitaingia ofisini kwa Mzee Kang'ethe nimwambie haya yote kama nilivyokwambia. Ni haki yake ajue ni nani aliyemshikia funguo za wateja. Akinifukuza, sawa, nitafunga mizigo. Lakini nafasi ya kwenye tairi ni yako, hukuipata kwa jina langu, na hilo nitamwambia kabla sijatoka ofisini.

Ile nyumba ya magurudumu inarudi kutoka mlimani Jumatatu ya tarehe thelathini kwa ajili ya springi la kulia. Zamu ya kuingia chini ni yangu, si ya Kiplimo. Kama Mzee atakuwa hajanifukuza, nataka uwe wewe uliyeketi pale, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Tangu 1983 sijawahi kulala chini ya gari nikatulia. Naingia, natoka, naangalia, naingia tena, mpaka wenzangu wanacheka. Hakuna mtu hapa Kitale ambaye akikaa kwenye tairi langu nitafunga macho yangu hata mara moja. Ni wewe tu, na sasa unajua yote, na bado ni wewe. Mataruma yatakuwa yamepangwa, utayakagua mwenyewe. Ukiona huwezi kuketi kwa ajili ya mtu kama mimi, sema tu nitoke, nami nitatoka, na hapo Kiplimo ataingia badala yangu na wewe utabaki kwenye kiti chako.

Msalimie sana shemeji Jentrix, umwambie anisamehe kwa chai yake. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao. Msalimie mwalimu wa kwaya na jirani zetu wa pale sokoni, na wote watakaouliza habari zangu waambie nipo. Kwa mama nina ombi moja, na ni gumu. Yeye hasomi, na najua barua zangu zote unamsomea ukiruka yale yanayomhuzunisha. Hii usiruke. Mkalishe, umsomee yote, mpaka pale pa viatu. Kisha, kabla hujamsomea salamu zangu, umwulize kama bado anazitaka.

Ni mimi mdogo wako,
Protus Wabwile